Ruzuku ya serikali kwa jengo la kale na makumbusho ndogo, zimebaki wiki sita, tunaanzia wapi?

Mweka_Rejesta

Wakuu salaam. Naomba kueleweshwa na wenye uzoefu wa hizi ruzuku za serikali za kuhifadhi majengo ya kale na makumbusho, maana mwongozo nimeusoma mara tatu na kila nikimaliza najiona mjinga zaidi ya mwanzo.

Sisi ni kamati ya watu saba, wote tunajitolea, hakuna anayelipwa hata nauli. Tunaangalia jengo moja la mawe na chokaa, lilishatangazwa rasmi kuwa la kihistoria, chini kuna makumbusho ndogo na juu tumepafunga kwa sababu sakafu ya mbao imeliwa na mchwa, ukikanyaga inalia. Paa linavuja sehemu tatu. Vitu vya ndani ni kama mia nne na kitu hivi, picha za zamani, nguo, vyombo vya mbao, barua, na rejesta yenyewe ni madaftari mawili ambayo moja lililowa maji mwaka juzi. Sasa dirisha la ruzuku limefunguliwa, tumebakiwa na wiki sita, na kamati nzima imenigeukia mimi eti kwa sababu najua kompyuta.

Kinachonichanganya ni hivi. Tuombe pesa ya kila kitu kwa mpigo, yaani paa, sakafu, makabati ya kioo, rangi, na kompyuta, au tuombe kidogo? Halafu fomu inasema mwombaji achangie sehemu yake, sasa sisi tungekuwa na pesa si tusingeomba jamani? Kuna jamaa pia amejitokeza, anasema ni bingwa wa maandiko, ataandika bure ila tukipata achukue asilimia kumi. Na mwisho, ili tuonekane tuko siriasi, tumeshaongea na fundi aanze wiki ijayo kupiga plasta ya saruji ukuta wote wa nje, bei yake iko poa kabisa. Tulishaomba kwingine huko nyuma tukajibiwa mstari mmoja tu kwamba hatukufanikiwa, sababu hawakusema, ndo maana safari hii nataka nifanye vizuri.

---

FundiChokaa

Ndugu yangu kabla ya yote, huyo fundi wa saruji mpigie simu sasa hivi mwambie asubiri. Simdharau, na mimi ni fundi, na miaka ya nyuma nimepiga saruji kwenye kuta za namna hiyo nikajiona nimefanya kazi, kwa hiyo naongea kama mtu aliyewahi kuharibu.

Ukuta wa mawe na chokaa unapumua. Maji yanaingia kutoka chini kwenye msingi na kwenye mvua, halafu yanatoka polepole kupitia plasta ya chokaa. Ukiufunika kwa saruji maji yanakosa pa kutokea, yanapanda juu ndani ya ukuta, chumvi inajikusanya nyuma ya plasta. Mwaka wa kwanza pamependeza kila mtu anakusifu. Baada ya hapo plasta inaanza kuvimba, ukiigonga kwa kidole inalia kama debe tupu, na siku ikidondoka inaondoka na ngozi ya jiwe. Kanuni yetu ni kwamba unachokiweka kiwe laini kuliko jiwe lenyewe, ili kikichoka kife kile na jiwe libaki. Saruji inafanya kinyume chake. Na kwenye zile mbao zenu zilizoingia ukutani ndo balaa zaidi, unyevu ukifungiwa mle ndani ncha za mbao zinaoza bila mtu kuona, mpaka siku boriti inashuka.

Kingine, mtu anayesoma maombi ya jengo la kale akiona picha ya ukuta uliopigwa saruji mwezi uliopita, anajua hapa kuna watu wasioshauriwa. Badala ya kuwaona mko siriasi anawaona kama hatari. Tena sasa inabidi iingizwe kwenye bajeti pesa ya kuibandua hiyo saruji, kazi ambayo ni mbaya kuliko kuipiga.

Mkiandika ratiba kumbukeni chokaa haina haraka. Inapigwa safu kwa safu, kila safu ikae siku zake, inyunyiziwe maji, ifunikwe na magunia jua lisiikaushe ghafla. Nimeona andiko limeandikwa plasta nje nzima wiki mbili, nikacheka, huyo ama hajawahi kushika chokaa ama anajua atatumia saruji. Na msipange katikati ya mvua. Kianze paa, ukuta baadaye, hakuna mtu anayemfuta machozi mtoto huku anaendelea kumchapa.

---

MezaYaTathmini

Fundi kasema kweli, naongezea na ya upande wa pili. Nimewahi kukaa kwenye meza ya kusoma maombi ya namna hii misimu minne, wapi haijalishi.

Kwanza jueni msomaji hasomi kwa huruma. Ana karatasi ya vigezo na alama pembeni, na ana rundo la maombi ambayo yote yanavuja paa. Neno paa linavuja halimpi alama yoyote. Mwandikie kwamba kenchi ya tatu upande wa kaskazini imeoza kuanzia ukutani mpaka mita moja na nusu, picha namba 12, vigae vimeteleza, maji yanadondokea kwenye chumba chenye barua na nguo, na tumeshahamisha makasha mangapi. Hapo anakupa alama kwa sababu amekuona unajua ugonjwa. Ni kama kwenda hospitali, ukisema naumwa tu dokta atakuuliza wapi.

La pili ni umuhimu. Asilimia kubwa wanaandika jengo letu ni zuri na ni la zamani sana. Uzamani peke yake hautoshi, majengo ya zamani yako mengi. Sema nani aliishi au nini kilifanyika pale, ujenzi wake una nini ambacho kwingine hakijabaki, na watu wanaolizunguka wanalitumiaje leo. Kurasa mbili zinatosha kabisa, msimwage historia ya dunia nzima.

La tatu ambalo huua maombi mengi kimyakimya ni umiliki. Hati ina jina la nani? Nyie kamati mnakaa pale kwa karatasi gani? Serikali haiwezi kuweka pesa ya umma kwenye nyumba ambayo kesho mwenyewe anakuja anaiuza. Kwenye baadhi ya mifuko mwenye jengo anasaini kabisa kwamba kwa miaka kadhaa hatabadilisha kitu bila ruhusa, ruzuku za National Park Service, idara ya hifadhi za taifa kule Marekani, zina kifungo cha namna hiyo, na miaka inategemea ukubwa wa pesa. Kwa hiyo hata kabla hujafungua fomu, nenda kaitafute hati uisome kwa macho yako, usiambiwe.

Sasa swali lako la kuomba vyote kwa mpigo. Msifanye hivyo. Paa, sakafu, makabati, rangi na kompyuta ni miradi mitano imevaa koti moja, na msomaji anajiuliza nyie watu saba mnaojitolea mtaibeba vipi. Mimi ningeomba pesa ndogo ya kufanyiwa tathmini kwanza. Mifuko mingi ina kipengele hicho na watu wanakipita kwa sababu wanaona ni pesa ya makaratasi haina matofali. Marekani kumekuwa na mpango unaitwa CAP, makumbusho ndogo inaletewa wataalamu wawili, mmoja wa vitu na mmoja wa jengo, wanazunguka, wanaandika ripoti nini kianze na nini kisubiri, halafu ile ripoti ndo inakuwa silaha ya kuombea pesa kubwa. Uingereza nako National Lottery Heritage Fund, ambayo pesa yake inatoka kwenye bahati nasibu sio kwenye kodi, ukiomba kuanzia pauni 250,000 hadi milioni 10 unapita hatua, unaanza na fomu fupi ya kuonyesha nia, halafu pesa ya kuuandaa mradi, ndo baadaye ya kuutekeleza. Hata wao wenye mapesa hawatoi kwa mpigo.

Ukilazimika kuchagua kitu kimoja cha ujenzi, chagua kinachozuia maji. Rangi achana nayo kabisa, na kompyuta iweke kwenye andiko jingine.

Na kuna vitu havitakiwi kusubiri ruzuku hata siku moja. Makumbusho ya Taifa ya Brazil pale Rio de Janeiro, iliyoanzishwa 1818, Juni 2018 walisaini mkataba na benki ya maendeleo ya serikali yao wa reais (pesa ya Brazil) milioni 21.7, na ndani yake ilikuwemo mifumo ya kuzuia moto. Tarehe 2 Septemba mwaka huohuo jengo likaungua, pesa bado haijafika. Vitu karibu milioni 20 vilikuwa mle, vingi sana vikapotea. Polisi walichunguza wakasema moto ulianzia kwenye kiyoyozi. Kiyoyozi! Kwa hiyo wakati unajaza fomu, mwite fundi umeme apitie nyaya, zima kila kitu usiku, weka mitungi ya kuzimia moto na muulizane nani ana funguo saa nane za usiku.

---

Sina_Imani

Mnamchosha bure. Hizo pesa zina wenyewe, zinatangazwa tu kutimiza taratibu, washindi wanajulikana kabla ya tangazo. Mimi nimeomba mara mbili. Bora mchangishane mpige bati muendelee na maisha.

---

MezaYaTathmini

@Sina_Imani sikatai kwamba yapo, nisingekuwa mkweli nikisema mezani wote ni malaika. Ila nilichokiona mimi kwa macho yangu ni kwamba maombi mengi hayafiki hata kwenye huo upendeleo, yanadondoka mlangoni. Saini haipo. Bajeti jumla yake haijumliki. Barua ya mwenye jengo imeandikwa na mtu ambaye sio mwenye jengo. Kiambatanisho kimepigwa picha ya simu usiku hakisomeki. Hao wote nao wanaenda kusema zina wenyewe. Ulipokataliwa uliomba maoni ya wasomaji? Sehemu nyingi ukiandika barua kwa adabu wanakupa japo muhtasari, na mwombaji aliyerudi na andiko lililojibu zile kasoro anaonekana haraka sana.

Na bati juu ya kenchi mbovu, mzee, si umeezeka maiti tu?

---

Sina_Imani

Haya. Maoni sikuomba, nikiri.

---

DadaMahesabu

Naona kila mtu anaongelea mawe na mbao, mimi niongelee pesa maana ndo inawapeleka watu polisi.

Mweka_Rejesta kabla ya kila kitu angalia kwenye mwongozo pesa inatoka vipi. Ruzuku nyingi za serikali hazikupi pesa mkononi siku ya kusaini. Unatumia kwanza halafu unapeleka risiti wanakurudishia, au wanatoa kidogo mwanzoni na nyingine ukishatoa ripoti. Niliwahi kushika vitabu vya kikundi fulani walishangilia kupata ruzuku, wakapiga picha na kila kitu, halafu wakakuta hawana pesa ya kumlipa mkandarasi mwezi wa kwanza, mkandarasi akaondoa watu, paa likakaa wazi wiki tano. Kwa hiyo muulize kwa maandishi, na mjue nani atawakopesha ile ya katikati.

Tena FundiChokaa kagusa hapo, chochote mlichotumia kabla ya mkataba kusainiwa kwa kawaida hakirudishwi, na mara nyingi hakihesabiki hata kama mchango wenu. Ndo maana watu wanaojituma kuanza mapema wanaumia.

Kuhusu mchango, usiogope hilo neno. Mchango sio lazima uwe noti. Mwongozo mwingi unakubali saa za wanaojitolea, vifaa mlivyopewa, ukumbi, usafiri wa mtu, fundi aliyekubali kupunguza bei kwa barua. Lakini kila kitu kiwe na ushahidi. Saa za kujitolea zinahesabiwa kwa bei ya kazi inayofanywa, sio kwa cheo cha mtu, yaani daktari akija kubeba mawe anahesabiwa kama mbeba mawe, na inatakiwa daftari la mahudhurio lenye tarehe, saa ya kuingia, ya kutoka, kazi na saini. Anzisheni hilo daftari leo, sio kwa ajili ya kuhesabu za nyuma, ni ili mzoee, na mkionyesha daftari la hizi wiki chache msomaji anaona watu wenye nidhamu. Pale Djenné nchini Mali watu wa mji mzima wanatoka kila mwaka kuupaka udongo ule msikiti mkubwa, sasa fikiria nguvu kazi kama ile ingeandikwa kwa saa, ni mchango mkubwa kuliko wa tajiri yeyote. Baadhi ya mifuko inataka mchango wa kiasi kilekile, kwa mfano Save America's Treasures, mpango wa ruzuku wa serikali kuu ya Marekani, ukipewa dola moja na wewe onyesha dola moja, na hiyo ya kwako isiwe imetoka serikali kuu hiyohiyo. Ya kwenu someni inasemaje.

Huyo bingwa wa asilimia kumi mkataeni kistaarabu. Vyama vya wanaofanya kazi hii kama taaluma vinakataza kabisa malipo ya asilimia, na sababu iko wazi, hiyo asilimia itatoka wapi? Haiwezi kuandikwa kwenye bajeti, kwa hiyo mtailipa kwa kuiba kwenye paa. Na siku mkaguzi akija, anayejibu ni mweka hazina wenu, bingwa atakuwa ameshabadilisha laini. Kama anajua kazi mlipeni kiasi kinachojulikana, kwa kazi iliyofanyika, mpate msipate. Au mwandike wenyewe, kwa sababu huyo atawaandikia andiko zuri ambalo hakuna hata mmoja wenu anayeweza kulielezea siku ya kuitwa.

Bei za vifaa chukueni kwa watu watatu, kwa maandishi, zenye tarehe. Akaunti ya mradi iwe peke yake. Nimemaliza, samahani kwa urefu.

---

Mpekua_Mafomu

Naomba nichangie kidogo upande wa serikali za nje, maana wengi wanafikiri ruzuku ya serikali ni serikali yako tu.

Ubalozi wa Marekani una mfuko wa mabalozi wa kuhifadhi urithi, ulianza 2001, maombi yanapitia ubalozini kwenye nchi husika na unagusa majengo, vitu vya makumbusho mpaka sanaa na ufundi wa jadi. British Council, shirika la utamaduni la Uingereza, nao wana Cultural Protection Fund tangu 2016, wanafanya na serikali ya Uingereza, huo ni wa urithi ulio hatarini kwa vita na sasa mpaka mabadiliko ya tabianchi. Pia sio kila nchi inaingia kila mwaka kwa hiyo angalia orodha kwanza usije ukaandika kurasa thelathini bure.

UNESCO ndo watu wanaielewa vibaya kuliko zote. Jengo kuingia kwenye urithi wa dunia sio kwamba wanakutumia pesa kila mwezi. Mfuko upo, chini ya ule mkataba wa urithi wa dunia wa 1972, lakini anayeomba ni serikali ya nchi, sio kamati yenu, na pesa zake sio nyingi. Pesa ya maandalizi, yaani ya kuandaa andiko la kuingia kwenye orodha hiyo, mwisho wake ni dola 30,000. Kamati inachoweza ni kupeleka hoja yake kwa idara inayohusika na mambo ya kale halafu idara ndo iombe.

Ukienda kwenye pesa za Marekani moja kwa moja jua usajili wake ni safari. Tangu Aprili 2022 wanatumia namba yao ya kutambua taasisi inayoitwa UEI badala ya ile ya zamani ya DUNS, inatolewa na mfumo wao wa SAM.gov, na jina la taasisi yako lazima lifanane herufi kwa herufi kwenye kila karatasi. Nimekwama wiki tatu kwa sababu ya nukta. Nukta! Kwa hiyo usajili wowote wa mtandaoni, hata wa serikali yako, uanze siku ya kwanza, sio siku ya kutuma.

Na msitegemee mfuko mmoja. Aprili 2025 makumbusho na taasisi nyingi za Marekani zilipata barua kwamba ruzuku zao za IMLS na NEH, wakala wa serikali kuu wa makumbusho na maktaba na ule wa elimu ya utamaduni na historia, zimesitishwa katikati, miradi imeshaanza, watu wameshaajiriwa. Wakaenda mahakamani. Kama ilitokea kule inaweza kutokea popote, kwa hiyo gaweni kazi vipande ambavyo kila kimoja kikiisha jengo liko salama hata kingine kisipokuja.

---

Mweka_Rejesta

Wakuu nashukuru mno, sikutegemea. Fundi wa saruji nimeshamsimamisha, amenuna ila ameelewa, na asilimia kumi kamati imekataa kwa kura sita kwa moja (huyo mmoja ni shemeji wa bingwa wa maandiko).

Ila kwenye hati nimekutana na kitu. Nimeenda kuisoma kama mlivyosema. Jina lililopo ni la bodi ya zamani ambayo ilishavunjwa, na sisi tunacho tu kijibarua cha ukurasa mmoja cha kuruhusiwa kutumia jengo, hakina mwisho wala hakisemi nani anawajibika na matengenezo. Hiyo inatuua?

Na swali la pili, rejesta. Kwenye fomu kuna sehemu ya kuambatanisha orodha ya vitu. Nikianza kuandika vizuri mia nne vyote sitamaliza ndani ya wiki tano zilizobaki. Na mchwa wameshaanza kuonekana kwenye vyombo vya mbao, nipulizie dawa ya dukani?

---

MezaYaTathmini

Haiwaui, ila kwa dirisha hili inawafunga kwenye ujenzi. Hakuna msomaji atakayepitisha paa kwenye jengo ambalo mwenye hati ni bodi iliyokufa. Anzeni mchakato wa kurithisha hati kisheria, na wakati huohuo ombeni mkataba wa matumizi wa miaka inayoeleweka, wenye kifungo cha nani anatengeneza nini. Ambatanisheni barua kwamba mchakato umeanza, na dirisha hili muombe tathmini tu, ambayo mahali pengi haidai umiliki kwa ukali uleule. Piga simu kwa afisa wa mfuko uulize, wapo kwa kazi hiyo, na watu hawapigi, sijui wanaogopa nini.

Rejesta usiandike vyote kwa undani. Kuna utaratibu wa Object ID, ulitoka 1997 kusaidia kutambua vitu vikiibiwa, unauliza mambo machache tu, ni kitu gani, kimetengenezwa kwa nini, vipimo, maandishi au alama, kinachokitofautisha, picha. Chukua vile hamsini ambavyo mkivipoteza mtalia, vifanye hivyo kikamilifu. Vilivyobaki kila kimoja namba, picha na mahali kilipo. Kitu kisicho na namba kinapotea kikiwa kabatini, na watu wa uhifadhi wa Kanada wanauhesabu huo upotevu wa taarifa kama mojawapo ya mambo kumi yanayoharibu makusanyo, sambamba na moto, maji na wadudu. Lile daftari lililolowa lipige picha kurasa zote kabla ya kitu kingine chochote, leo jioni.

---

FundiChokaa

Dawa ya dukani usipulizie kwenye vyombo vya makumbusho, inaacha madoa na sumu kwa mtu atakayevishika baadaye. Kwanza hakikisha ni mchwa kweli. Mchwa anakuja na njia ya udongo kutoka chini au ukutani. Ukiona vitundu vidogo vya duara na unga laini chini ya chombo, huyo ni fukusi wa mbao, anaishi ndani ya chombo chenyewe. Kama ni fukusi, vyombo vya mbao vidogo vinafungwa kwenye nailoni vizuri vinawekwa kwenye friza la nyuzi 20 chini ya sifuri kwa wiki nzima, unavitoa unaviacha kwenye nailoni mpaka vizoee joto ndo unafungua. Chombo chenye rangi iliyochorwa, gundi nyingi, au kilichounganishwa na pembe usikigandishe bila mtaalamu. Kama ni mchwa, tatizo liko kwenye jengo sio kwenye chombo, inua kila kitu kisigusane na sakafu wala ukuta, fuata ile njia ya udongo uone inatokea wapi, upige picha na iingie kwenye tathmini.

---

DadaMahesabu

Na hiyo kura sita kwa moja iandikeni kwenye muhtasari wa kikao. Huyo shemeji mtu asiwe miongoni mwa wanaosaini hundi.

---

Mweka_Rejesta

Nimerudi kuwapa mrejesho, zimebaki siku tisa.

Nilimpigia afisa wa mfuko, mikono inatetemeka kweli, kumbe ni mama mpole, kaniambia hata yeye angetushauri tathmini, na kwamba barua ya mchakato wa hati inakubalika kwenye kipengele hicho. Pia kaniambia safari ile tulipokataliwa na huko kwingine yawezekana kabisa ilikuwa umiliki huohuo. Tumekata andiko kutoka kurasa thelathini na mbili mpaka kumi na moja. Bajeti ina mistari minne tu. Mchango wetu ni saa za kujitolea na malazi ya wataalamu nyumbani kwa mwenyekiti.

Vile hamsini nimefikisha arobaini na tatu. Wadudu ni fukusi, sio mchwa, angalau kwenye vyombo, juu kwenye sakafu ndo mchwa. Na wakati napiga picha lile daftari lililolowa nimekuta kati ya kurasa mbili zilizogandana kuna orodha ya vitu kumi na vinane ambavyo hatunavyo na hakuna kwenye kamati aliyewahi kuvisikia. Sijui niiambatanishe au nikae kimya kwanza?

---

MezaYaTathmini

Iambatanishe. Andika havijapatikana, tarehe uliyogundua, na jina la aliyegundua. Halafu muulizeni yule aliyeshika daftari kabla yako, kama yupo hai.